Mtoto Aliyekaa Mbele kwenye Baiskeli ya Pedali

Watu wa mtaa wetu hapa Tshopo, Kisangani, wakitaka kumsifu kaka yangu, wanasema ndiye aliyemchora Pedali. Wakitaka kumsema, wanasema ni yule mzee aliyepooza akavurugika akili, anang'ang'ania mtoto ambaye hakuwako. Mimi ni mdogo wake, ninaitwa Sikujua, ninakaanga mikate kwenye kona ya barabara iendayo kwenye barrage, bwawa la umeme. Nitasema niliyoyaona. Asiyetaka kunisikia apite, akanunue mikate kwingine.

Kaka yangu ni Amuri. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, kama baba yake, kama nusu ya wanaume wa msikiti wetu, na alitaka Amuri naye ashone. Amuri hakushona, alichora. Alichora kwenye vitambaa vya wateja kwa chaki ya baba, akapigwa. Alichora ukutani, akapigwa. Mwishowe baba alichoka kupiga, yeye hakuchoka kuchora. Alipokuwa mtu mzima akawa anaandika vibao vya maduka. Wafanyabiashara wale wa kutoka Butembo, wanaouza mabati na sabuni, karibu wote vibao vyao vilitoka mkononi mwake. Kazi hiyo ndiyo ilimlisha.

Alikuwa na mtoto mmoja, Nasra. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, basi nikamlea mimi. Alichelewa kusema. Watoto wa umri wake walikuwa wanaita mama, wanaomba chai, wanatukana hata. Yeye kimya, lakini kila kitu anakielewa. Kitu alichokipenda ni baiskeli ya baba yake. Ilikuwa baiskeli ya toleka, zile zilizotubeba sote kabla pikipiki hazijaujaza mji, na Amuri alikuwa anabeba abiria siku ambazo hakuna kibao cha kuandika. Abiria alikaa nyuma kwenye kiti chekundu, na Nasra alikaa mbele, juu ya bomba la fremu, kwenye kitambaa kilichokunjwa, ameshika usukani kama mwenye mali. Mtu akitaka kumshusha, ni vita.

Surua ilimchukua kabla hajasema neno hata moja. Na picha yake hatukuwa nayo. Tulikuwa tumepatana na mpiga picha aje siku ya Idi, na Idi ilipofika mtoto alikuwa ameshazikwa. Msiniulize kwa nini hatukuita mpiga picha mapema. Nani anamwita mpiga picha kwa mtoto mzima, anayecheza?

Baada ya arobaini Amuri akaanza kumchora Pedali.

Wale ambao hawakuwako miaka ile niwaeleze. Pedali alikuwa dereva wa toleka, mwembamba, shati la njano, mguu mmoja wa suruali umekunjwa usiingie kwenye mnyororo. Kila kitabu alipata balaa jipya. Mara amembeba bibi harusi anayekimbia, mara amembeba mwizi na mbuzi wa wizi, naye hajui. Mteremko ukija alipiga kelele: "Shika muzuri, breki ni miguu yangu!" Mji mzima ulisema hivyo. Wanajeshi walisema, mapadri walisema. Amuri alichora kwa wino, akaenda kutoa kopi kwa mashine ya Wagiriki wenye maduka mjini, akarudi akazishona katikati kwa cherehani ya baba. Baba alikuwa hai bado. Alimtazama mwanawe anakanyaga cherehani, akacheka hadi akakohoa.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye jalada Pedali alikuwa peke yake. Ndani, kila ukurasa, kila mchoro wenye baiskeli, mbele pale kwenye bomba alikaa mtoto wa kike, mdomo umefungwa. Ni Nasra. Ni yeye kabisa, mimi niliyemwogesha ninajua. Nilimuuliza Amuri, ninayemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, "Yaya, watu wote humu wanasema, hata mbuzi anasema. Mbona yeye hasemi?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Hakusema, Sikujua. Nimuwekee maneno gani?"

Nikarudi kwenye mikate yangu.

Watoto wa Kisangani hawakuvinunua vile vitabu. Wangenunua na nini? Walikwenda kwenye vibanda vya kukodisha, na hapa Tshopo kibanda kilikuwa cha baba mmoja, papa Zacharie. Zacharie hakumpa mtoto kitabu ashike, kwa sababu ya vidole vya mafuta na embe. Yeye ndiye aliyesoma. Alikaa juu ya kreti, jalada limewaelekea watoto, kurasa zimemwelekea yeye, naye akasoma kwa sauti zote, ya Pedali, ya bibi harusi, ya mbuzi. Watoto walijazana hadi barabarani. Vibanda vyote vilifanya hivyo, hata vya Makiso, maana kitabu kikichanika hakuna kingine. Na Zacharie alisoma vizuri, Mungu amlipe. Nilikuwa ninaacha mafuta yangu yanaungua ili nimsikilize.

Halafu majeshi ya wageni yakaja kupigania mji wetu kama mji wao. Katika vile vita vya siku sita bomu lilianguka juu ya nyumba yetu. Sisi tulikuwa tumekimbia. Michoro yote haikukimbia. Kibanda cha Zacharie nacho kiliteketea, akahamia ng'ambo ya mto, Lubunga. Vitabu vichache vilivyobaki mjini vilifungiwa karanga. Amuri alichakura majivu kwa mikono, na wallahi, kilio alichokitoa pale hakukitoa hata siku ya mazishi ya mtoto. Alijaribu kuchora tena. Alisema uso haumjii kama zamani, na asipomjia yeye mwenyewe hatachora mtoto wa mtu mwingine. Kisha miaka ikapita, kikaja kiharusi, mkono wa kuume ukafa. Mdomo ukapinda. Ndiyo ikawa basi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa Merdi alipotukuta.

Merdi ni mtoto wa mtaa huu, sasa ana ndevu na gari la mkopo. Alikwenda Kinshasa kusoma mambo ya filamu, akarudi na kamera. Aliingia kwetu, akapiga magoti chini kwenye udongo mbele ya kiti cha Amuri, na kabla hata hajasalimia vizuri akaanza kusema kitabu cha kwanza cha Pedali, mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno. Na sauti ya mbuzi pia. Amuri alilia kwa lile jicho linalotii na kwa lile lisilotii. Mimi nililia. Mikate iliungua na nikawauzia watu hivyo hivyo.

"Tonton," Merdi akasema, kama anavyoitwa mjomba, "nataka kufanya filamu ya Pedali. Lakini miye siko kama wale wa nje. Wale banaharibu kila kitu ya utoto yetu. Unaenda kuangalia mutu uliyemupenda ukiwa mudogo, unakuta bamemupa bibi mupya, bamebadilisha nguo, bamebadilisha hata roho, wanakuambia, bon, ndiyo ya kisasa. Miye sitaongeza hata tone moja."

Na hakuwa anatania. Aliwatafuta wote waliokaa mbele ya kibanda cha Zacharie, sasa ni wake za watu, polisi, waalimu, akawakalisha mmoja mmoja na kuwauliza: unakumbuka nini? Jambo ambalo mtu mmoja tu analikumbuka halikuingia. Watu walimwambia aweke pikipiki, baiskeli zimepitwa. Akakataa, akazunguka mji mzima hadi akapata baiskeli ya zamani yenye kiti chekundu. Alikuwa kijana wa heshima. Ningependa niseme alikuwa mjinga au mwizi, ingekuwa rahisi zaidi kwangu, lakini siyo.

Amuri alingoja hadi Merdi amalize, akakusanya maneno yake, maana kwake neno ni mzigo wa kuinua, akasema: "Na mutoto?"

"Mutoto gani, tonton?"

"Wa mbele."

Merdi akanitazama mimi. Nikamweleza: Nasra, bomba, kila ukurasa. Nikaona uso wake unabadilika, ile huruma ambayo watu huwaonyesha wagonjwa. Akasema kwa upole, "Mama Sikujua, nimeuliza watu wengi. Hakuna hata mumoja alisema mutoto."

"Mimi ninakuambia!"

"Weye uko dada yake, mama."

Hebu mtu aniambie. Nilikuwapo, nilimwogesha, niliviona vitabu vikishonwa, na kijana aliyekuwa anavuta kamasi wakati ule ananiambia mimi ni dada yake. Nilimtukana pale pale kwa Kiswahili na Kilingala, nikamalizia kwa Kifaransa kidogo nilicho nacho. Amuri akaomba karatasi. Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto na akachora, anatoka jasho, ulimi nje. Alipomaliza ilikuwa duara lenye nywele, kitu kama kitunguu. Merdi alikitazama kwa adabu muda mrefu. Amuri naye alikitazama, kisha akakikunja ndani ya ngumi.

Nilijua anachotaka. Hakutaka sifa, hakutaka fedha ya mtu. Alitaka mtoto aonekane tena, mara moja, pale mbele, na watu wamwone. Kwa mkono wake haikuwezekana tena. Ilibaki filamu ya Merdi.

Ndipo mimi, kwa akili yangu hii, nikasema: twende kwa Zacharie. Yeye ndiye aliyezishika zile kurasa kila siku ya Mungu. Yeye ataapa. Merdi akafurahi, akabeba na kamera. Tukavuka mto na pirogi, tukamkuta mzee nyuma ya nyumba anatengeneza mitego ya samaki, miwani yake kioo kimoja tu, kingine ametia katoni. Nikamuuliza ile miwani imekuwa hivyo tangu lini. Tangu zamani, akasema, tangu kabla ya vibanda.

"Papa Zacharie," nikasema, "kumbuka vizuri. Kwenye baiskeli ya Pedali, mbele, juu ya bomba, ilikuwako nini?"

Akafikiri. "Mbele? Kweli, ilikuwa kitu."

Nikampiga Merdi kiwiko. Unaona!

"Kitu kidogo kidogo," mzee akasema. "Batoto ya mbele habaoni ukurasa, balikuwa baniuliza, papa, tuambie, Pedali amebeba nini? Miye naangalia, naona kitu nyeusi juu, pembeni kama majani ya mihogo. Nikawaambia ni pondu. Amefunga pondu yake, anapelekea bibi yake."

"Pondu!" Merdi akaruka. Nusura aangushe kamera. "Mungu wangu, pondu ya Pedali! Nilikuwa nimesahau! Tulikuwa tunacheka, kila saa tunasema, pondu isianguke! Pondu isianguke!"

"Ndiyo!" mzee akacheka. "Ile niliongeza miye, kidogo, ili bacheke."

Nikasema, "Papa Zacharie, ilikuwa mtoto. Nywele zake zile. Mtoto wa Amuri."

Akaacha kucheka. Alivua miwani, akaifuta ile katoni badala ya kioo. "Mama," akasema, "miye nilikuwa nasoma. Mutu ambaye hasemi, namusoma namna gani?"

Nikamwita mzee kipofu, nikamwita mengine nisiyoweza kuyarudia, na yeye akarudia mitego yake. Kosa lake lilikuwa lipi? Alisoma yaliyoandikwa.

Kwenye pirogi Merdi alikuwa anapiga simu kwa watu wake. Na wewe unakumbuka pondu? Na wewe? Kila mmoja alipiga kelele upande wa pili hadi mwenye kasia akacheka. Nikamshika mkono, nikamwambia, mutoto yangu, umesikia mwenyewe, mzee hakuona vizuri, ile ilikuwa Nasra. Akashusha simu. Halafu akasema, "Mama, labda iko kweli. Lakini sisi tulisikia pondu. Nikiweka mutoto, watasema Merdi ameongeza mutoto ili watu balie. Watasema nimeharibu kama wale wengine." Nilipoanza kulia akasema, "Bon, nitawaza. Nakuahidi nitawaza, mama."

Nikampelekea Amuri hilo neno. Ya pondu sikumwambia. Nilimwambia Merdi anawaza, na Amuri alilishika hilo kama chakula. Miezi yote waliyopiga picha alikuwa ananiuliza asubuhi: bado anawaza? Bado, yaya. Tulisikia walitafuta wasichana kwa ajili ya bibi harusi, na yeye akaniambia labda wanatafuta na mtoto. Labda, nikasema.

Walionyesha filamu Jumapili mchana katika ukumbi wa parokia, jenereta nje, maana umeme wa barrage ulikuwa umelala kama kawaida yake. Amuri alitaka kunyolewa. Alitaka kanzu nyeupe ile ya Idi. Tulimweka mstari wa kwanza, na watu wazima waliokuwa watoto wa Zacharie walikuja kumgusa bega, wengine wamevaa shati la njano na kukunja mguu mmoja wa suruali. Wanaume wenye vitambi! Kwa kweli ilikuwa furaha, nisiseme uongo.

Taa zikazimwa. Pedali akatokea, anashuka mteremko, na alikuwa yeye mwenyewe, yule wa jalada, hata namna ya kuinamisha shingo. Ukumbi ulisimama. Na mbele yake, juu ya bomba, limefungwa kwa kamba, fungu la pondu.

"Pondu!" watu wakapiga kelele. "Pondu isianguke!"

Amuri alinisogelea. "Mutoto iko wapi?"

"Bado," nikasema.

Bibi harusi akapanda, akashuka. Mwizi akapanda na mbuzi. Watu walisema maneno kabla ya waigizaji kuyasema, ukumbi mzima kwa pamoja, mama mmoja nyuma yangu alikuwa analia huku anacheka, anasema ni hivyo hivyo, ni hivyo hivyo kabisa, hawakubadilisha kitu. Kila baiskeli ilipotokea walipiga kelele ya pondu, na kila walipopiga, Amuri alinivuta nguo. "Sasa?" Bado, yaya. "Sasa?" Bado. Nilisema bado hadi majina ya watu yalipoanza kupanda kwenye pazia, na hata hapo aliendelea kutazama kati ya yale majina.

Walimpandisha mbele, wakampa maikrofoni. Akasema "Nasra." Alilisema vizuri, kwa ule mdomo wake, kila mtu alisikia. Watu walipiga makofi kwa nguvu, kama wanavyompigia mgonjwa aliyejitahidi, na Merdi akatazama chini, kwenye viatu vyake.

Sasa filamu iko kwenye simu zote. Watoto wa leo, ambao hawajawahi hata kupanda toleka, wanajua pondu isianguke. Wakimwona kaka yangu mlangoni wanamwita Papa Pondu, wanampungia mkono, wanampenda. Nimewafukuza kwa mwiko wa mafuta. Wanarudi, wanadhani ninacheza nao.

Wiki iliyopita, asubuhi, ninakoroga unga, akaniita.

"Sikujua. Weye ulimuona?"

"Nani?"

"Mutoto. Kwenye vitabu. Nilimuchora kweli?"

Nikaacha unga. "Ulimchora, yaya. Kila ukurasa. Niliona mimi."

Akavuta pumzi. Akasema kwamba akifunga macho anaona yale majani. Anayasogeza, anatafuta nyuma yake, hakuna kitu. Akaniomba nimwambie uso ulikuwaje. Taratibu, akasema, asikie vizuri.

Nikafumba macho ili nimwone. Nilijua uzito wake mgongoni, na jasho lake, na kile kitambaa cha bluu alichokalia. Nikautafuta uso. Akaja yule mwigizaji mwembamba anashuka mteremko, shati la njano, na mbele yake majani yanatikisika kwa upepo. Nikajaribu tena. Majani.

"Sema," Amuri akasema.

"Alikuwa na macho ya mama yake," nikasema.

"Eh. Ndiyo." Akatabasamu kwa upande ule mmoja. "Ndiyo, ndiyo. Macho ya mama yake." Akaomba chai, akainywa yote, na siku ile hakuniuliza kitu kingine.

Mama yake sikumbuki alikuwa na macho gani.